Mtandaoni, darasani, kitabuni au kwa nahodha: wapi ujifunze kusoma bahari ukiwa Dar

Chukua safari moja tu. Mnatoka Msasani asubuhi na boti ndogo ya tanga, mko wawili, mnakwenda Bongoyo, mnakula samaki wa kuchoma, mnarudi kabla jua halijazama. Ni maili tatu na kitu za bahari, na kisiwa mnakiona tangu mnapotweka tanga. Mtu akiniambia safari kama hiyo haihitaji nadharia, humuuliza maswali manne. Pale utakapotia nanga patakuwa na maji kiasi gani saa utakayofika, na kiasi gani saa utakayoondoka? Jioni upepo utakuwa unatoka wapi? Meli ikitokea, nani ampishe mwenzake? Na giza likikukuta njiani, utajuaje ulipo?

Ukiwa huna majibu, unahitaji kusoma. Hapa Dar es Salaam zipo njia nne za kusoma hayo, na mimi nimezipita zote, nyingine kwa kurudia. Nimeona watu wakizichagua kwa bei au kwa cheti. Mimi nazipima kwa mambo mawili: nani atakayeliona kosa lako kabla bahari haijaliona, na je, unachofundishwa kinahusu maji utakayosafiria?

Kozi ya mtandaoni

Watu wengi wa mjini huanzia hapa, na sababu inaeleweka. Unatoka kazini Posta saa kumi na moja, foleni inakufikisha Tegeta saa mbili usiku, darasa gani tena litakusubiri? Kozi zinazojulikana zaidi ni zile zinazofuata mtaala wa RYA, chama cha mabaharia wa burudani cha Uingereza. Ile ya mwanzo kabisa imepangwa kwa saa 16 hivi. Ile inayofuata, ya mtu anayetaka kuwa nahodha wa safari za mchana, ina saa 40 pamoja na mitihani. Kwa mtu anayesoma saa mbili, mara mbili kwa wiki, hizo saa 40 ni wiki kumi. Zipange hivyo kwenye kalenda yako kabla hujalipa, kwa sababu wanaoacha katikati huwa walidhani watamaliza katika wikiendi mbili.

Ubora wake mkubwa ni mpangilio. Somo la ramani linakuja kabla ya somo la maji kupwa na kujaa, nalo linakuja kabla ya somo la mikondo, na kila moja limesimama juu ya lililotangulia. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, zinaeleweka vizuri sana ukiziona kwa picha zinazotembea. Boti mbili za tanga zikikutana, moja inapata upepo kushoto na nyingine kulia, ile yenye upepo kushoto inapisha. Zikiwa na upepo upande mmoja, iliyo upande unakotoka upepo inapisha. Unaweza kuyasoma maneno hayo kitabuni mara tano usiyashike, ukaiona picha mara moja ukayashika. Taa za usiku ni hivyo hivyo: nyekundu na kijani zinasogea kwenye kioo cheusi, unaulizwa chombo kinakwenda wapi, unajibu, unaambiwa umekosea au umepatia.

Tatizo ni bahari iliyomo ndani ya kozi. Ramani za mazoezi za RYA ni za nchi ya kubuni, haipo popote duniani, na imetengenezwa ifanane na bahari za Ulaya ya kaskazini. Utaweza kupiga hesabu ya mkondo wa mlango usiokuwepo, ukawa hujawahi kuiona kwenye karatasi miamba iliyo kati ya Bongoyo na kisiwa cha Pangavini. Vitabu vya kule vinakuambia pia utafute nyota ya kaskazini usiku. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Nyota hiyo haitokei kwetu kabisa, iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Hata jua la adhuhuri hapa haliko upande mmoja: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu ya utosi, miezi mingine liko kusini, miezi mingine kaskazini.

Hatari zaidi ni video za bure. Dunia imegawanywa mara mbili kwa rangi za maboya. Amerika yote, Kaskazini na Kusini, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, ukiingia bandarini boya jekundu linakuwa kulia kwako. Sisi, pamoja na Afrika yote, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia, ukiingia bandarini boya jekundu linakuwa kushoto na la kijani kulia. Mwalimu wa Florida mwenye boti nzuri na sauti tulivu atakufundisha kanuni yake kwa kibwagizo kisichotoka kichwani, nawe ukikitumia kwenye mlango wa bandari yetu utatoka nje ya njia upande wa mwamba. Nilikutana na kijana hodari sana aliyekuwa amejifunza hivyo, na hakuna aliyewahi kumsahihisha kwa sababu alikuwa anasoma peke yake chumbani.

Kosa la saa sita

Nataka kukaa kidogo hapa, maana hili halimo katika kozi yoyote ya kigeni niliyoiona, na nilijifunza nikiwa nimekaa mchangani.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika kadhaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti inazidi mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, inaweza kushuka hadi kama mita 1. Na bamvua ina saa zake: maji hupwa sana kwenye saa nne, asubuhi na usiku, yakajaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni.

Siku hiyo mimi ndiye niliyeangalia jedwali kwenye simu. Lilikuwa limeandikwa kwa saa za Kizungu: maji kupwa 10:06, mita 0.4, na maji kujaa saa sita baadaye, mita 3.4. Nikaandika kwenye daftari kwa haraka, “kupwa 10”. Mwenzangu ndiye aliyepanga njia asubuhi kwa daftari lile. Akasoma kama Mswahili anavyosoma: saa kumi. Basi kwa hesabu yake maji yalikuwa yanajaa asubuhi yote mpaka saa nne, yataanza kutoka baadaye, yatapwa saa kumi jioni.

Angalia kilichotokea. Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zinapishana saa sita. Maji kupwa na maji kujaa nayo yanapishana saa sita. Ukichanganya saa, hupati jibu lililokosea kidogo, unapata jibu lililogeuzwa kabisa. Kupwa kunakuwa kujaa.

Tukakata juu ya fungu moja kaskazini ya Msasani, saa moja na nusu asubuhi, tukiamini kwamba tukigusa mchanga maji yatatuinua. Boti yetu ikielea inazama sentimita 90. Fungu lile huibuka sentimita 80 juu ya kina cha ramani, yaani kiwango cha maji ya chini kabisa ambacho ramani na jedwali huhesabia. Tulihitaji basi maji ya mita 1.7, na dakika tulipogusa yalikuwa yamefika hapo hapo, yakishuka. Tulisukuma kwa kasia. Tuliruka majini tukaegemea ubavuni. Baada ya dakika kumi maji yaliyokuwa kiunoni yalikuwa mapajani, na mwenzangu akaniangalia bila kusema kitu. Boti ikalala ubavu polepole.

Ngalawa ikapita mita thelathini kutoka kwetu, ikielea vizuri kwenye maji ya magoti. Mzee aliyeshika usukani alipunguza mwendo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mnangoja nini hapo?”

“Tunangoja maji yajae.”

Akatazama fungu, akatazama jua. “Leo mwezi kumi na sita. Maji yanatoka mpaka saa nne. Kaeni, mtaelea karibu na saa saba.”

Tulielea saa saba kasoro dakika kumi. Baadaye nyumbani nilipiga hesabu kwa kanuni ya sehemu kumi na mbili, ile inayogawa mpando wa maji, yaani tofauti ya kupwa na kujaa, hivi: sehemu moja saa ya kwanza, mbili saa ya pili, tatu saa ya tatu, tatu saa ya nne, mbili saa ya tano, moja saa ya sita. Mpando wa mita 3 ukiugawa, kila sehemu ni sentimita 25. Kutoka 0.4, baada ya saa moja ni 0.65, baada ya mbili 1.15, baada ya tatu 1.9. Mita 1.7 inakuja kabla kidogo ya saa ya tatu kutimia. Mzee alikuwa amelipata jibu lile lile kwa umri wa mwezi, kichwani, huku anaendesha chombo.

Tangu siku hiyo daftari langu lina saa za Kiswahili tu, na kando yake naandika “asubuhi” au “jioni”. Ukisoma kwa njia yoyote, lugha yoyote, fanya hivyo.

Kwa nahodha

Kisa hicho ndicho kilichonirudisha pwani kutafuta wa kunifundisha. Kunduchi, Msasani na Kigamboni wapo manahodha wa ngalawa na mashua ambao, ukienda kwa adabu, ukamlipa siku yake mtu kwa makubaliano, watakuchukua. Usiende na kamera mbele. Salimia, kaa, saidia kuvuta chombo, uliza.

Utakachopata hapo hakipo kwingine. Rangi ya maji, kwa mfano. Kozi itakupa sentensi moja: jua likiwa juu na nyuma yako, mwamba unaonekana. Nahodha atakuonyesha kwa kidole tofauti ya weusi wa kilindi na weusi wa majani ya bahari, na ile hudhurungi iliyopauka ambayo ni kichwa cha mwamba kilicho nusu mita chini. Atakuambia kwa nini hataki kuingia kisiwa cha Mbudya kwa njia fulani jioni: jua liko usoni, maji yote yanang'aa, mwamba hauonekani hata kwa mwenye macho.

Alama ni jambo jingine. Mvuvi akitaka kurudi mahali pake pa samaki huchukua vitu viwili vya nchi kavu vilivyosimama mstari mmoja, tuseme mnazi mrefu na kona ya jengo, halafu viwili vingine upande mwingine. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo. Nilipofundishwa hivyo niliona mara moja kuwa ndicho kile kile nilichofundishwa kwenye ramani kwa rula na dira. Tofauti ni kwamba nahodha hahitaji kupima nyuzi, na kwa sababu hiyo hakosei kusoma dira.

Na upepo. Visiwa vyetu vya karibu viko kaskazini ya Msasani. Wakati wa kusi, tangu Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, upepo unatoka kusini na kusini-mashariki. Kwenda Mbudya unakwenda umeuweka upepo nyuma, boti inateleza, kila mtu anacheka. Mara nyingi upepo huo huzidi baada ya adhuhuri, na ndiyo saa unayotaka kurudi. Sasa uko usoni, lazima ubishe, upande huu, upande ule, maji yanaruka omoni, safari ya saa moja na nusu inakuwa ya saa nne. Nahodha wangu alikuwa na tabia ya kugeuka mapema, wakati sisi abiria bado tunaona siku ni njema. Mara ya tatu nikamuuliza. Akasema, “Kuja ni kwa tanga, mwanangu. Kurudi ni kwa mikono.”

Lakini njia hii ina mapengo, na ni lazima niyaseme kwa kuwa nawaheshimu walionipa maarifa hayo. La kwanza, maarifa yake ni ya maji yake. Akikuambia “hapa panapita”, maana yake panapita chombo kinachozama nusu mita au chini ya hapo. Chako kinazama karibu mara mbili. La pili, ufundi wa tanga la pembetatu lenye foromali, yaani boriti inayoshikilia tanga, haufanani na wa boti ya kisasa. Yeye akigeuza upande, foromali inahamishwa mbele ya mlingoti, kazi ya watu na nguvu. Wewe unageuza shikio na kulegeza kamba. Ukiiga kila kitu utajifunza mambo ambayo boti yako haiyataki. La tatu ni meli. Wengi hukaa mbali nazo, na ndivyo ipasavyo, lakini mwanafunzi anahitaji kujua kanuni namba 9: chombo kilicho chini ya mita 20, au chombo cha tanga, kisikizuie kile kinachoweza kupita salama ndani ya njia nyembamba tu. Mlango wa bandari ya Dar ni mwembamba, meli inayoingia haiwezi kukukwepa hata ikitaka, na boti za kasi za Unguja zinatoka humo humo. Haki ya tanga dhidi ya injini, kwamba chombo cha injini hukipisha cha tanga, ambayo wanaoanza huipenda sana, hapo haikusaidii.

Pengo la nne ni taa. Vyombo vingi vidogo vya kwetu husafiri usiku na tochi tu. Sheria yenyewe inakiruhusu chombo cha tanga cha chini ya mita 7, kikishindwa kuweka taa kamili, kiwe na tochi tayari ya kuwasha kwa wakati kuzuia kugongana. Aliyesoma mtandaoni anatazama nyekundu na kijani, haoni kitu, anasonga mbele. Aliyekua na ngalawa anajua kuwa giza la Msasani lina watu ndani yake. Hapa kila mmoja ana nusu ya somo.

Darasani

Njia hii ndiyo ningeiweka mbele kwa mtu anayeweza kuipata, na maneno “anayeweza kuipata” ni mazito. Unahitaji mwalimu, meza kubwa, wanafunzi watano au sita, na ramani halisi ya kuingilia Dar es Salaam imetandazwa.

Watu huniuliza kuhusu Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Chuo hicho kilianza 1978 kama kitengo cha mafunzo ya ubaharia na kikawa taasisi kamili kwa sheria ya 1991. Kazi yake ni kuandaa mabaharia wa kazi, wale watakaopanda meli za mizigo na abiria wakiwa na vyeti vya mkataba wa kimataifa wa STCW. Kama ndoto yako ni kulipwa mshahara baharini, usipoteze muda na kozi za burudani, nenda huko uulize masharti ya kujiunga. Kama unataka kusafiri na familia yako Jumapili, programu ndefu za chuo ni kubwa kuliko hitaji lako. Ila mafunzo mafupi ya usalama wa msingi, yale ya kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, yana faida kwa yeyote. Mtu aliyewahi kuruka majini na jaketi la kuokolea akiwa na mwalimu pembeni hafadhaiki kama asiyewahi.

Kwa burudani, darasa hupatikana kupitia klabu za tanga za upande wa Msasani au mwalimu binafsi anayekusanya kundi. Hakikisha mambo mawili kabla ya kulipa. Muulize mwalimu kama mtafanya kazi kwenye ramani ya Dar au ya mazoezi ya kigeni. Muulize pia kama yeye mwenyewe hukagua kila mstari unaochorwa.

Hilo la pili ndilo linalotofautisha darasa na njia nyingine zote. Jioni moja nilikuwa nimechora njia kutoka nje ya visiwa vya Makatumbe, mstari safi, uelekeo umeandikwa, mwendo umeandikwa. Mwalimu akapita nyuma yangu, akaweka ncha ya penseli juu ya namba ndogo kwenye mstari wangu. Ilikuwa 1 na 2 ndogo, na chini yake kimstari. “Hii umeisomaje?” Nikasema kina cha mita 1.2. Akanyamaza. Nikatazama tena kile kimstari. Namba yenye mstari chini yake si kina: ni mwamba unaoibuka mita 1.2 juu ya maji ya chini kabisa. Maji yakijaa mita 3.5 unapita juu yake ukiwa na mita 2.3. Yakipwa hadi 0.3, mwamba uko nje ya maji sentimita 90, ndege wamesimama juu yake. Programu ya mtandaoni isingejua kuwa nimesoma vibaya, kwa sababu jibu la uelekeo lilikuwa sahihi.

Nanga ni somo jingine ambalo meza inalifundisha vizuri kuliko kioo cha simu. Kanuni ya kawaida ni mnyororo mara nne ya kina, au kamba mara sita au zaidi. Watu huishika hiyo, wakasahau ni kina kipi. Ukitia nanga Bongoyo maji yakiwa mita 2, ukatoa mnyororo mita 8, uko sawa saa hiyo. Saa sita baadaye maji ni mita 5 na ulihitaji 20. Wewe uko kivulini unakula, boti inaanza kutembea. Hesabu kwa maji ya kujaa, kila mara, halafu tazama nyuma yako kama pana nafasi ya boti kuzunguka na mnyororo wote huo.

Udhaifu wa darasa ni wa kawaida tu: ratiba, umbali, mwalimu anayesafiri katikati ya kozi, kundi lisilotimia. Nimewahi kusubiri miezi minne kundi litimie.

Kitabu peke yake

Sitachukua muda mrefu hapa. Kitabu kizuri na ramani ni rafiki wa njia zote tatu zilizotangulia, na kama njia ya peke yake sikishauri kwa anayeanza. Kosa langu la namba yenye kimstari lingekaa nami miaka. Wapo walioweza, wengi wao walikuwa tayari wapimaji ardhi, marubani wa ndege au walimu wa hesabu.

Ila nunua ramani ya karatasi, bikari na rula sambamba hata kama unasoma mtandaoni. Idara ya ramani za bahari ya Uingereza ilitangaza 2022 kuwa itaacha kuchapisha karatasi, kisha ikasogeza mbele hadi angalau 2030, hivyo bado zipo. Simu ni nzuri mpaka iloe au chaji iishe, na kwenye kioo kidogo ukikuza picha unaona mwamba mmoja, ukipunguza miamba inafutika. Karatasi inakuonyesha yote pamoja, Makatumbe, Sinda, Bongoyo, Mbudya, na nafasi zilizo katikati.

Ninavyoshauri

Kama utaishia kwenye ghuba ya Msasani na visiwa vyake, mchana, na boti ya klabu: anza na nahodha siku tatu au nne, upande chombo siku za bamvua na siku za maji mafu, halafu chukua kozi fupi ya mtandaoni. Ukifanya hivyo mambo ya kozi yatakuwa na mahali pa kukaa kichwani. Aliyeanza na kozi hujifunza maneno kwanza, akaja kutafuta vitu vyake baadaye.

Kama unataka kuvuka kwenda Unguja, hapo sikubaliani na kitu chini ya saa 40 na mtu wa kukagua. Ni karibu maili 40 za bahari. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, kusi ikiusukuma na kaskazi ikiupunguza. Tuseme boti yako inakwenda noti 5, yaani maili tano za bahari kwa saa, na mkondo ni noti 2. Kwenda unapata 7, unafika kwa saa tano na dakika 43. Kurudi unapata 3, ni saa kumi na tatu na dakika 20. Hata usipobisha upepo, giza litakukuta. Na kaskazi ikiwa kali dhidi ya mkondo ule, mawimbi yanasimama wima, mafupi, yanayopiga chombo kidogo vibaya. Tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikiwa njiani kutoka Dar kwenda Unguja. Hiyo ilikuwa meli ya abiria. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usomwe jioni ya kuamkia safari na asubuhi tena, na nadharia yoyote unayolipia ikufundishe namna ya kuamua kuwa leo hatutoki. Ikufundishe pia redio: chaneli 16, jina la chombo, mahali ulipo, watu wangapi.

Ukiwa huna fedha kabisa kwa sasa, bado kuna pa kuanzia. Tafuta siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Pakua ramani, au mwombe mwenye nayo akuruhusu uinakili sehemu ya Msasani kwa mkono, pamoja na namba zote zenye kimstari chini. Saa tatu na nusu asubuhi uwe ufukweni. Miamba itakuwa inatoka mmoja mmoja, na akina mama wanaookota chaza wataanza kushuka na ndoo. Chukua penseli, kila mwamba unaouona nje utafute kwenye karatasi yako. Saa nne ikipita, kaa tena nusu saa, uone maji yakigeuka.